Kilipita, hakikutua
Asante mwandishi kwa habari ya chombo cha anga cha Juno, ila kichwa cha habari kinasema "chatua kwenye mwezi". Hakikutua. Tarehe 30 Desemba 2023 kilipita karibu na Io, mmoja wa miezi ya sayari ya Mshtarii (Jupita), kilomita 1,500 hivi, kikaendelea kuizunguka Mshtarii. Na utamu uko hapo hapo: muda mfupi vile, picha za milima na volkano! Io imeuzidi mwezi wetu kidogo tu kwa ukubwa, lakini ina mamia ya volkano hai, maana Mshtarii na miezi jirani inaivutavuta mpaka ndani kunachemka.

Usiku ule tulikuwa watano juu ya paa huku Sinza, Dar es Salaam, na darubini ya kuazima. Mawingu yalipoachia kama saa 2, Mshtarii ilikuwa juu, kaskazini kidogo ya utosi, na vinukta vya miezi vimejipanga mstari mmoja. Mtoto wa jirani, darasa la tatu, alibana pumzi asiitikise darubini. Kisha akanong'ona, "Kaka, chombo kimepita kwenye kinukta kipi?"

Rekebisheni kichwa, tafadhali. Huyu mtoto anawasoma.