Mbona Uso Wake Haulii?

Wiki iliyopita niliangalia filamu ya Disney, The Lion King, na mpwa wangu wa miaka saba. Ile iliyotengenezwa upya 2019, si katuni ya 1994. Aliichagua mwenyewe kwa sababu kwenye picha ya jalada alimwona mtoto wa simba anayefanana na simba hasa. Tukafika korongoni. Nyumbu wamekwisha kupita, vumbi linatua, mfalme Mufasa amelala hatikisiki, na mwanawe Simba anamwita. Sauti inakatika kwa kilio. Mpwa wangu akakodolea skrini, kisha akanigeukia.

"Mjomba, Simba analia?"

Nikamwambia ndiyo, analia, baba yake amekufa. Akatazama tena.

"Mbona uso wake haulii?"

Swali hilo limenikaa tangu siku ile, na kadiri ninavyolifikiria ndivyo hasira inavyonipanda. Mtoto hajawahi kusoma uhakiki wa filamu hata mmoja, lakini kwa maneno manne amegusa kidonda chenyewe.

Tuanze na hili la "uhalisia". Filamu hiyo ilinadiwa kana kwamba katuni ya 1994 sasa imepata uhai, imepata wanyama wa kweli. Hakuna mnyama wa kweli mle. Mwongozaji wake, Jon Favreau, alishasema mwenyewe kwamba ni picha moja tu iliyopigwa kwa kamera, ile ya jua linapochomoza mwanzoni. Yote yanayofuata, kila unywele na kila jani, yametengenezwa kwenye kompyuta. Waandaaji wa tuzo za filamu za Golden Globe waliishindanisha katika kundi la filamu za katuni, na walikuwa sahihi. Hapo ndipo hasira inaponipanda. Kama wangekuwa wamemrekodi simba wa mbugani, ningewaelewa, kwani simba wa mbugani humwambii anyanyue nyusi. Lakini huyu walimuumba wenyewe tangu ukucha hadi sharubu. Uhuru wa kumpa uso wa huzuni walikuwa nao wote. Wakaamua kumnyima, ili mimi na wewe tuseme, lo, kama wa kweli!

Irudie ya 1994 uone. Simba anamsukuma baba yake kwa kichwa, anamvuta sikio, anaita msaada na hakuna anayeitika. Masikio yameanguka, nyusi zimepinda kwenda juu katikati, machozi yanamlengalenga. Mwishowe anajipenyeza chini ya mkono wa Mufasa na kulala hapo, kana kwamba mkono ule bado unaweza kumkinga. Hakuna simba duniani mwenye nyusi za namna hiyo, wala simba halii machozi ya msiba. Wachoraji walilijua hilo. Waliletewa simba hai studioni wawachore, na baadhi yao walisafiri hadi Kenya kuangalia nchi yenyewe. Mifupa na mwendo walivitoa kwa simba. Huzuni waliitoa kwa binadamu. Mchoraji wa katuni huweka kioo mezani pake, akajikunja uso, akautazama, kisha akauhamishia kwenye karatasi. Andreas Deja, aliyesimamia uchoraji wa Scar, yule simba mwovu, aliutazama uso wa mwigizaji Jeremy Irons wakati akirekodi sauti yake, na ukimtazama Scar kwa makini utamwona Irons ndani yake: mdomo unaopinda upande mmoja, jicho linalolegea kwa dharau. Uongo ule wa nyusi ndio uliobeba ukweli wote.

Wala hili si jambo la filamu peke yake. Katika ngano, sungura anapoogopa, msimulizi humtolea macho yake mwenyewe. Fisi akitamani, msimulizi ndiye anayelamba midomo. Hakuna msikilizaji aliyewahi kulalamika kwamba fisi wa kweli hafanyi hivyo. Mnyama wa hadithi ni mtu aliyevaa ngozi, na ukimrudisha kuwa mnyama mtupu umemwondoa mtu na kubakiza ngozi.

Nimewasikia wanaosema mtoto wa leo amezoea picha za kompyuta, hawezi kukaa na michoro. Mpwa wangu ni mtoto wa leo.

Toleo la kwanza lina dakika 88, la pili 118. Nusu saa nzima imeongezwa, na sehemu yake imekwenda kwa shungi la manyoya ya Simba linalosafiri mpaka kumfikia Rafiki, yule nyani mzee: linaliwa na twiga, linatoka kwenye kinyesi chake, mdudu analiviringisha, sisimizi wanalibeba. Katuni ilimaliza kazi hiyo kwa upepo na sekunde chache. Wakati huohuo wimbo wa Scar, ambao katika katuni ulikuwa unatisha watoto kweli, umefupishwa na nusu yake unasemwa tu. Na ule wimbo wa Simba wa kutamani ufalme, ambapo rangi zote zilibadilika na wanyama wakapandana mpaka wakawa mnara? Sasa watoto wawili wa simba wanakimbia kando ya maji. Twiga na ndege wapo. Furaha haipo.

Lakini niseme haki. Mandhari ni mazuri mno, na kumsikia mwigizaji James Earl Jones tena akiwa sauti ya Mufasa baada ya miaka 25 kulinitoa machozi. Pia The Jungle Book ya 2016, ya Favreau huyuhuyu, mimi niliipenda, na nadhani najua kwa nini: katikati ya wanyama wote wale wa kompyuta kulikuwa na mtoto mmoja wa kweli, Neel Sethi, na uso wake ulitosha kuhisi kwa niaba ya dubu na chui. Hata filamu ya Mufasa ya 2024, chini ya Barry Jenkins, niliona nyuso zimelegezwa kidogo. Kwa hiyo waliliona kosa. Wangeliona mapema.

Najua vilevile kwamba ya 2019 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6, na kwa hesabu hiyo nitaambiwa ninalalamika bure. Sawa. Tiketi mojawapo ilikuwa yangu. Nililipa kwa sababu ya kumbukumbu ya ile ya kwanza, na nina hakika sikuwa peke yangu. Sisi tunaozungumza Kiswahili tulikuwa na sababu ya ziada ya kuipenda: Simba anaitwa Simba, rafiki anaitwa Rafiki, na fisi mshenzi anaitwa Shenzi, basi ukumbi mzima unacheka kabla hajafungua mdomo.

Jumamosi nilimwekea mpwa wangu katuni ya 1994. Sikumwambia chochote kuhusu nyuso. Aliimba, akacheka na Pumbaa yule ngiri, akauliza kwa nini Scar ana macho ya kijani. Nyumbu wakaja, wakapita. Simba alipojipenyeza chini ya mkono wa baba yake, mpwa wangu alinishika mkono akaniomba nisimamishe kwanza.

Nikasimamisha. Tukakaa hivyo muda, mpaka aliposema niendelee.