Ziwa Chad Lilikimbia Peku

Sawa jamani, ile picha ya skrini ya jibu langu kwenye chemsha bongo ya ukoo wetu, WhatsApp, mmeshaiona. Binamu ameirusha kwenye kila kundi alilomo, hadi la kikoba cha mama yake, na chini yake ameandika eti mwamuzi, yaani mimi, "alikuwa ameshapitia kilabuni". Nilikuwa nakunywa chai ya tangawizi. Halafu katika simulizi lake Binamu ameruka kisehemu kimoja kidogo mno, kinachohusu nani aliligusa jedwali langu la maswali. Tulieni, tutafika.

Wa kundi la ukoo mnaujua utaratibu. Maswali 20, machaguo manne, sekunde 40 kila swali. Kundi nalifunga ili admini peke yake atume ujumbe, na majibu yanakuja kwangu inboksi, herufi tu. Hatutumii kura za WhatsApp kwa sababu zinaonyesha jina la kila aliyepiga: Mjomba Mwalimu akishabonyeza B, sekunde kumi baadaye ukoo mzima uko B. Telegram ina kura za chemsha bongo zinazojisahihisha na kuficha majina, lakini anayetaka kumhamishia Shangazi Telegram ajitokeze, mimi nitamlipia bando.

Na maswali nayatunga kwa uangalifu, hilo hata Binamu halikani. Siulizi "Afrika ina nchi ngapi", maana wa Umoja wa Mataifa atasema 54 na wa Umoja wa Afrika atasema 55, na wote wako sahihi, na saa tano usiku bado mnabishana. Siulizi mji mkuu wa Afrika Kusini bila kusema mkuu wa nini, kwa sababu serikali iko Pretoria, Bunge Cape Town na mahakama ya rufani Bloemfontein. Kilimanjaro naandika "kwa kipimo cha GPS cha 1999", kwa kuwa vitabu vingi vina mita 5,895 na kipimo hicho kilitoa 5,892. Swali la chemsha bongo linatakiwa liwe na mlango mmoja tu wa kutokea.

Jedwali langu liko Google Sheets, ile programu ya majedwali ya mtandaoni. Safu ya A ni ugumu, 1 hadi 5. B ni swali. C hadi F ni machaguo. G ni herufi ya jibu sahihi, na H ni maelezo ya sentensi moja ya kumziba mdomo mbishi. Siku mbili kabla ya mchezo nikampa Binamu jedwali apitie tahajia. Kwa kuwa naye anacheza, nikazificha safu za G na H asichungulie. (Ndiyo, nilimwonyesha mchezaji maswali. Msinianze. Subirini muone alama zake.)

Niliomba tahajia tu. Yeye akaona maswali yamekaa ovyo, magumu juu mepesi chini, roho ikamsukuma kusaidia. Akachagua A hadi F, akapanga kwa ugumu. Sasa sikilizeni, nyinyi mnaotunza hesabu za vikoba: Google Sheets kuna kupanga laha nzima, na kuna kupanga eneo ulilolichagua. Ukichagua eneo, inapanga hilohilo tu, na haikuulizi kitu. Maswali yangu 20 yakahama nyumba, majibu yakabaki kwenye nyumba za zamani, gizani, yamefichwa na mimi mwenyewe.

Jumamosi saa tatu usiku tukacheza vizuri kabisa. Nikasahihisha kwa kulinganisha herufi zenu na herufi za safu ya G. Matokeo yakanishangaza kidogo. Mjomba Mwalimu, mtu aliyefundisha jiografia hadi akastaafu, amepata 5. Babu wa Ujiji 4. Binamu, aliyeyaona maswali siku mbili kabla, 4. Shangazi kaongoza kwa 9! Nikasema moyoni, kumbe Shangazi anasoma. Nikamtumia vocha yake ya elfu kumi papo hapo, nikafungua kundi, nikabandika majibu yote kwa mkupuo: 1 B, 2 C, 3 C, 4 A, hadi mwisho. Herufi tupu. Wenye michezo yenu, msitume herufi tupu. Andikeni herufi pamoja na jibu lenyewe, mkono ukiwa unaandika jicho linasoma.

Kimya.

Juu ya skrini nikaona Babu anaandika. Akaacha. Akaanza tena. Babu huandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo nilipata muda wa kumimina chai.

"Mjukuu wangu, naomba kuuliza. La 9, C ndiyo lipi?"

Nikapandisha juu. Swali la 9: Ziwa lipi lina kina kirefu kuliko yote Afrika? A, Victoria. B, Tanganyika. C, Chad. D, Nyasa.

Hapa ndipo nataka tuende polepole, kwa sababu ndipo Binamu anapoongeza chumvi, na haihitaji chumvi. Nilijua. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita zipatazo 1,470, duniani linazidiwa na Baikal peke yake. Ziwa Chad sehemu yake kubwa ni mita chache tu. Naye anayeniuliza ni mtu aliyezaliwa Ujiji, aliyekesha na karabai juu ya ziwa lenyewe akivua dagaa. Lakini safu ya G ilisema C, na kanuni ya nne ya mchezo, niliyoitunga mimi siku ile Binamu alipoleta ubishi kuhusu Eswatini, inasema uamuzi wa mwamuzi ni wa mwisho.

Nikaandika: "Shikamoo Babu. C ni Ziwa Chad."

Babu: "Marahaba. Una uhakika?"

Ndugu zangu, ningeweza kusema simu imezima. Ningeweza kusema mtandao. Badala yake nikakumbuka safu ya H, ile ya kuziba midomo. Nikaenda mstari wa swali la 9, nikanakili maelezo bila kuyasoma, nikabandika mbele ya wanaukoo wote:

"Uhakika ninao Babu. Jibu ni Ziwa Chad. Maelezo: alikimbia peku mwanzo hadi mwisho, Roma, 1960."

Nikatuma. Nikanywa chai. Nikaona tiki mbili zikigeuka bluu. Ndipo nikaisoma.

Maelezo yale ni ya Abebe Bikila, Mhabeshi aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Roma bila viatu. Nikabonyeza kufuta kwa wote, lakini Binamu alikuwa ameshapiga picha ya skrini, na kundini kikabaki kile kiandishi cha "ujumbe huu umefutwa" kikinitazama.

Babu: "Nani huyo aliyekimbia peku? Ziwa?"

Mjomba Mwalimu akaingia, nami nikadhani kaja kuniokoa. "Babu, tusimlaumu mtoto. Ziwa Chad limepungua sana tangu miaka ya 1960. Huenda kweli lilikimbia."

Basi. Kila mtu akaanza kufukua lake. Shemeji wa Unguja akataka kujua kwa nini swali la 12 linasema vita vya Zanzibar na Uingereza vya tarehe 27 Agosti 1896 vilidumu miaka 38, yaani hadi 1934, ilhali kwao watoto wadogo wanajua ni dakika 38 hivi. Dada akaona Abdulrazak Gurnah amepewa Nobel ya Fasihi ya 2021 mwaka 1986, akauliza Wole Soyinka, mwenye ile ya 1986, ahamie wapi. Mtu mwingine akatuma stika ya Babu amevaa taji. Sijui stika ile ilitengenezwa saa ngapi.

Yaliyofuata ni mafupi. Nikafungua historia ya matoleo ya jedwali, nikaona jina la nani liko kwenye badiliko la mwisho (Binamu, kumbe umenyamaza?), nikarudisha toleo la zamani, nikasahihisha upya kwa swali lenyewe badala ya mstari wake. Mjomba 18, Babu 17, Binamu 11 na maswali aliyaona. Nikaomba radhi kwa ujumbe wa sauti. Ikabaki vocha.

Shangazi anasema harudishi. Usiku ule alikuwa anasonga ugali, kwa hiyo alijibu C maswali yote 20. Mimi nikitunga, mkono una tabia ya kuangukia C: badala ya kugawa herufi tano tano, niliweka C tisa. Kwa majibu yaliyovurugika alipata 9, na kwa majibu sahihi akapata 9. Hoja yake ni kwamba yeye peke yake ndiye ambaye alama zake hazikuguswa na kosa lolote, kwa hiyo matokeo yake ndiyo pekee ya kuaminika. Mjomba Mwalimu ameombwa aipime hoja hiyo. Tangu jana anaandika, anaacha.