Fremu Zinazopakana: Faida ya Nani Katika Mji wa Moshi?

Anayetafuta spea ya gari Moshi mjini huoneshwa benchi na kuambiwa, "Kaa kidogo, kaka, ipo stoo." Kijana wa dukani huvuka barabara, hurudi na boksi alilolichukua kwa jirani, na bei anayoitaja huwa na cha juu ndani yake. Mteja anaweza kuudhika, lakini hapo ndipo penye siri ya maduka ya aina moja kupenda kupakana: mwenye fremu, hata akiwa na mtaji wa kubangaiza, huuza mali iliyo kwenye rafu za mtaa mzima.

Soko la Memorial nako ni vivyo hivyo. Mnunuzi wa mitumba hajui anachokitaka mpaka akione, kwa hiyo huenda penye meza nyingi. Meza hiyo hiyo ikipelekwa peke yake Shanty Town (ambako, licha ya jina, ndiko wanakokaa wenye nafasi) itashinda na nzi.

Upande wa pili, wa wanaotaka maduka yatawanyike, nao una hoja nzito. Mwaka 1929 mchumi wa Marekani Harold Hotelling alieleza kwamba wauzaji wawili wa bidhaa moja katika barabara moja husogeleana kuelekea katikati, kila mmoja akihofia kuachiwa kipande kidogo cha wateja, ilhali wateja wangetembea umbali mfupi zaidi iwapo wauzaji hao wangetawanyika. Moshi umbali huo hulipiwa nauli. Tena mtaa ukishasifika, kodi na kilemba (malipo ya kupewa fremu) hupanda, na sehemu ya faida ya kukaa pamoja huishia kwa mwenye nyumba. Husemwa kuwa ushindani hushusha bei. Nina shaka, kwa kuwa majirani wanaoazimana mali kila siku hujuana bei vilevile.

Kwa maoni yangu, kinachoamua ni aina ya haja. Famasi zilizo jirani na Hospitali ya Mawenzi humfaa anayetoka na cheti cha daktari, kwani dawa ikikosekana hapa ataipata pale. Mama wa kata ya Pasua ambaye mtoto wake amepandwa na homa saa nne usiku hana haja ya kulinganisha. Anataka mlango mmoja ulio wazi. Mpango wa maduka ya dawa muhimu (maduka madogo yenye kibali cha kuuza dawa za msingi), ulioanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, uliwalenga watu walio mbali na famasi, na duka la namna hiyo uchochoroni, lenye rafu mbili na bei iliyozidi kidogo, saa hiyo halina mshindani.