Vellore: Mkimaliza Kupiga Foleni ya Dhahabu, Nendeni Ngomeni

Kwenye kundi letu la WhatsApp la wanaouguza wagonjwa Vellore, kusini mwa India, kuna mheshimiwa kaandika: "Ngomeni hakuna kitu, ni mawe tu. Nendeni hekalu la dhahabu." Wakamwagia dole gumba. Kule sikumjibu, maana kundi lenyewe ni la kuulizana bei za vyumba na unga wa ugali unauzwa wapi. Namjibu hapa.

Hilo la dhahabu, la Sripuram, nimelifika. Lilifunguliwa 2007 nje kidogo ya mji, na inasemekana limemeza takriban kilo 1,500 za dhahabu. Simu unaiacha nje, kaptula marufuku, kisha unazungushwa kwenye njia yenye umbo la nyota, iliyojaa mabango ya nasaha, mpaka magoti yanatubu kabla ya moyo. Linang'aa, sikatai. Waliolijenga wana hospitali pia. Hilo nalikubali shingo upande.

Sasa njoo kwenye hayo "mawe tu". Ndani ya ngome ya karne ya 16, yenye handaki la maji pande zote, lipo hekalu la Shiva, mungu wa Wahindu, linaloitwa Jalakandeswarar. Nguzo za ukumbi wake zimechongwa farasi waliosimama kwa miguu ya nyuma, pamoja na yali, mnyama ambaye sehemu ni simba na sehemu ni tembo. Inasimuliwa kwamba Waingereza walitaka kuung'oa ukumbi mzima waupeleke kwao. Unawajua tena.

Lakini uzuri wa nguzo si hoja yangu. Wenyeji wana utani wa zamani kwamba mji wao una ngome isiyo na mfalme, mto usio na maji na hekalu lisilo na mungu. Mto Palar ni mchanga kweli kwa sehemu kubwa ya mwaka. Hekalu nalo lilikaa karne kadhaa bila ibada, majeshi yakipishana ngomeni. Baadaye likawa chini ya Idara ya Mambo ya Kale ya India: limetunzwa, limefagiwa, na kimya. Watu wa Vellore walidai mungu wao arudi, wakachoka kusubiri. Mwaka 1981 lingam, ile nembo takatifu ya Shiva, ikapakiwa kwenye lori kutoka Sathuvachari, mtaa wa jirani, ikaingizwa ndani. Idara haikupenda. Pole yao.

Leo ukiingia unapokelewa na kengele, akina mama wenye yasmini nyweleni, watoto wanaokimbizana, majivu kwenye vipaji vya nyuso, na taa za mafuta zinazoacha masizi ukutani. Wahifadhi watasema masizi yanaharibu mawe, na ni kweli. Yasafishwe basi! Jengo la ibada likikosa waumini linapona masizi, halafu linabaki la kupigia picha za harusi.

Nasema hivi nikiwaza kwetu. Mwaka huohuo wa 1981, magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia. Nikashangilia kama Mtanzania yeyote. Ila Msikiti Mkuu wa Kilwa, pamoja na kuba zake zote, ukiingia leo unasomewa miaka na mtembeza wageni, tena anasoma haraka kwa sababu boti inasubiri.

Na msidhani naipamba Vellore. Ndani ya ngome hiyohiyo kuna msikiti, na Waislamu wa mji hawaruhusiwi kuswali humo. Mlinzi yupo, sheria ya makumbusho ipo. Kanisa la Mtakatifu Yohana, la 1846, liko papo hapo na Wakristo wanasali. Kama Wahindu walivunja ukimya wa Idara mchana kweupe na dunia haikuanguka, jirani yao mwenye msala mkononi ana kosa gani? Hapa sina mzaha hata kidogo. Naungana na lori la 1981 kwa moyo wote, na kwa sababu hiyohiyo siwezi kuukubali mlango huu mwingine uliofungwa.

Mkienda, nendeni asubuhi. Kiingilio hakuna, viatu mnaviacha mlangoni. Adhuhuri hekalu hufungwa hadi alasiri, na ile sakafu ikishapata jua la Tamil Nadu, mtacheza ngoma msiyoijua.