Simu umempa wewe, lawama unampa nani?

Februari 2019, wazazi nchini Uingereza walianza kutumiana onyo la kutisha. Kuna kiumbe aitwaye Momo, lilisema, mwenye macho yaliyomtoka na mdomo uliochanika kutoka shavu hadi shavu, anayewatumia watoto meseji za WhatsApp akiwaamuru wajidhuru, na kuwatishia wasithubutu kuwaambia wazazi. Shule zikaandika barua, polisi wakaonya, magazeti yakanogesha kurasa zao. Kisha mashirika mawili ya hisani, NSPCC linaloshughulikia ulinzi wa watoto na Samaritans linalosikiliza watu wanaofikiria kujiua, yakasema hayajaona ushahidi wowote wa mtoto aliyedhurika. NSPCC iliongeza kwamba waliopiga simu kuuliza habari za Momo walikuwa waandishi wa habari wengi kuliko wazazi. Ile sura yenyewe ilikuwa sanamu ya msanii wa Kijapani, Keisuke Aiso, iliyoonyeshwa Tokyo mwaka 2016. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba ilioza na akaitupa.

Ni rahisi kuwatupia lawama waandishi, na kwa kisa hiki wanastahili sehemu kubwa. Walichapisha kwanza, wakauliza baadaye. Lakini fuata nyayo za habari hii utafika pabaya: ilipata kasi kwenye kurasa na makundi ya wazazi wenyewe kabla magazeti hayajaidaka. Mzazi aliyebonyeza kitufe cha kusambaza, akaambatanisha na ile picha, naye alikuwa chombo cha habari kwa dakika hiyo, tena kisicho na mhariri. Mtoto aliyeamka usiku akilia kwa sababu ya Momo, yumkini picha aliiona kwenye simu ya mama.

Tuna methali ya kumkaba mzazi koo: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wanaosema mzazi ndiye mwenye kosa huishia hapo, na hawakosei moja kwa moja. Simu haikuingia chumbani kwa mtoto yenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 18, unaweka jukumu la kwanza la malezi mikononi mwa wazazi. WhatsApp inataka mtumiaji awe na angalau miaka 13, na akaunti ya mtoto wa miaka tisa mara nyingi imefunguliwa na mtu mzima anayejua kabisa umri wake. Mzazi huyohuyo ndiye atakayelalamika kesho kwamba mitandao inaharibu watoto.

Ila methali ile ilitungwa ulimwengu ukiwa nje ya mlango. Mama alitangulia, ulimwengu ukafuata. Sasa umelala chini ya mto wa mtoto, na waliouingiza humo ni watu wanaolipwa kuhakikisha hautoki. Hadi Aprili 2019, yeyote mwenye namba yako aliweza kukuingiza kwenye kundi la WhatsApp bila kukuuliza. Ndipo ukaja mpangilio wa kumzuia, na hata huo ni lazima uutafute mwenyewe. Snapchat huwahesabia marafiki siku walizotumiana picha mfululizo, na ukikosa siku moja hesabu inakufa. Hivi mzazi aliyetoka kazini akiwa hoi atashindana vipi na hesabu ile?

Australia wameamua kuipeleka lawama juu. Sheria waliyoipitisha Novemba 2024, iliyoanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025, inazitaka kampuni za mitandao ya kijamii zizuie akaunti za walio chini ya miaka 16, la sivyo zipigwe faini inayoweza kufika dola za Australia milioni 49.5. Mzazi hapigwi faini, mtoto naye haadhibiwi. Napenda mwelekeo huo. Kuna tundu, hata hivyo: huduma ambazo kazi yake kuu ni kutumiana ujumbe zimeachwa nje, WhatsApp ikiwemo. Sababu inaeleweka, maana familia nazo huwasiliana humo humo. Basi kuchati kumebaki pale pale, kati ya mzazi na mtoto, serikali ikiwa imekaa pembeni.

Na humo ndimo hatari ya kweli ilimo, ambayo haina sura ya kutisha hata kidogo. Aprili 2024, idara ya kitaifa ya kupambana na uhalifu mkubwa Uingereza, NCA, iliwatahadharisha walimu nchini humo kuhusu utapeli wa picha za utupu. Anajitokeza mtu mtandaoni akijifanya kijana mwenzako, anakuhamishia kwenye meseji za faragha, anakuomba picha, ukishatuma anadai pesa, la sivyo atazisambaza kwa marafiki na ndugu. Wengi wanaolengwa ni wavulana wa miaka 14 hadi 18. Ushauri ni mfupi: usilipe, usifute mazungumzo, mwambie mtu mzima, toa taarifa.

Hapo kwenye kumwambia mtu mzima ndipo mambo yanapokwama. Tapeli silaha yake ni aibu. Mzazi aliyekwisha kutangaza, “siku nikikuta picha za ajabu humo, hiyo simu naipasua na wewe utanitambua,” amemfanyia tapeli nusu ya kazi. Gazeti nalo linaloandika “kizazi kilichopotea” kila mtoto anaponaswa linamalizia nusu iliyobaki.

Wapo wanaosema dawa ni kusoma meseji zote za mtoto. Kwa wa miaka minane sina neno. Kwa wa miaka 15, kifungu cha 16 cha mkataba uleule kinampa haki ya faragha, na mbali na haki, kuna jambo la kiutendaji: akijua unapekua, anafungua akaunti ya pili. Utakuwa unasoma ile aliyokuachia uisome.

Nilirudi kusoma vitisho vya Momo nikagundua kimoja kinafanana neno kwa neno na cha tapeli wa kweli: usimwambie mzazi wako. Waliotunga hadithi ile walijua kinachowaogofya watu wazima. Lakini katika kelele zote za wiki zile, swali lililoulizwa lilikuwa nani kamtumia mtoto ujumbe. Sikuona kichwa cha habari kilichouliza kwa nini tishio la namna hiyo limwingie mtoto akilini, au saa tano usiku, simu ikiwa mkononi, ni nini kinachomfanya aukate ukumbi hadi mlangoni kwa baba, kisha arudi kitandani bila kugonga.