Mbegu ya Desmodiamu Iingie Kwenye Ruzuku

Siku hizi ukitaja ubunifu katika kilimo, watu hufikiria droni na programu za simu. Sizipingi. Lakini ubunifu ambao kwa maoni yangu unawafaa zaidi wakulima wadogo wa magharibi mwa Kenya ulizaliwa papa hapa kwetu, Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, katika miaka ya 1990. Inaniuma kuona wakulima wengi hawajawahi hata kuusikia.

Ni kilimo cha sukuma-vuta, kazi ya wanasayansi wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu chenye makao Nairobi, na wenzao wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, pamoja na taasisi yetu ya utafiti wa kilimo. Katikati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, mmea unaotambaa wa jamii ya kunde. Pembezoni unazungushia nyasi za nepia, au nyasi za brakiaria pale ambapo ukame ni mkali. Harufu ya desmodiamu humfukuza nondo anayezaa funza wa mabua, nayo nepia humvuta nje ya mahindi. Akitaga mayai huko, funza wengi hunasa kwenye utomvu wa nepia na kufa.

Kazi kubwa zaidi hufanyika chini ya ardhi. Striga, gugu ambalo Siaya na Homa Bay huliita kayongo, hunyonya mizizi ya mahindi, na unapoliona ua lake la zambarau hasara imeshaingia. Mmea mmoja humwaga maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, na mbegu hizo zinaweza kungoja udongoni zaidi ya miaka kumi. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoziamsha mbegu hizo, kisha nyingine zinazozizuia kushika mzizi wa mahindi. Zinaota, zinakosa pa kunyonya, zinakufa. Msimu baada ya msimu, akiba ya striga udongoni inapungua. Juu ya hayo, desmodiamu huongeza naitrojeni ardhini na ni chakula kizuri cha ng'ombe wa maziwa.

Mbona basi haijaenea kila shamba?

Shangazi yangu, anayelima karibu na Luanda, Vihiga, alizunguka maduka ya pembejeo ya sokoni akiulizia mbegu hiyo akarudi mikono mitupu. Hatimaye jirani alimkatia mashina akayapanda. Msimu wa kwanza desmodiamu hukua polepole, majani matatu matatu yaliyolala chini, na mtu asiyeijua huiona gugu tu. Kibarua wa palizi aliifyeka mistari miwili kabla shangazi hajafika na uji. Mahindi yakishavunwa, kuna mbuzi wa kijiji kizima wanaoachiliwa mashambani, na wao huijua desmodiamu vizuri kuliko sisi. Tena haitaki kulimwa upya kila msimu. Anayelima kwa ng'ombe lazima abadili mazoea, na aliyekodi shamba kwa msimu mmoja hana sababu ya kupanda kitu ambacho mwenye shamba atakuja kukivuna. Akina mama nao huuliza, na wana haki kuuliza: maharagwe tutapanda wapi? Jibu lipo, kwa sababu yanaweza kupandwa kwenye mstari uleule wa mahindi, ila lazima awepo mtu wa kuja kuonyesha.

Mtu huyo ni afisa wa ugani, na tangu 2013 kilimo ni jukumu la kaunti. Usimwambie mkulima atazame video. Mkulima anataka mtu wa kuinama naye shambani, amwonyeshe hii ni desmodiamu na hili ni gugu, kisha arudi wakati wa palizi ya pili.

Serikali ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku hadi shilingi 2,500 mwaka 2023, na familia nyingi zilipata nafuu. Ila mbolea haiui striga, na sehemu kubwa ya udongo wetu tayari una asidi nyingi. Desmodiamu ikishashika hukaa shambani miaka kadhaa. Kwa mkulima hiyo ni baraka, lakini kwa mfanyabiashara ni mteja anayenunua mara moja akapotea, kwa hiyo tusitarajie soko litaisambaza lenyewe. Hapo ndipo fedha za umma zinahitajika. Kaunti za Vihiga, Siaya, Busia, Kakamega na Homa Bay zinunue mbegu, zilipe vikundi vya akina mama vizalishe mbegu zaidi, na ziajiri maafisa wa ugani wa kutosha.

Makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla ya hapo huwa kuna vikao vya kukusanya maoni ya wananchi. Mara nyingi vikao hivyo hujaa maombi ya barabara na taa za sokoni. Mkulima mwenzangu, ukienda, simama uombe mbegu ya desmodiamu kwa jina lake, na udai jibu utakalopewa liandikwe.