Kila mtu anataka mashine, mpira wa maji hakuna mwenye anataka

Huku kwetu kuna ubishi haukwishi. Ukienda Ikolomani kwenye mashimo ya dhahabu utaukuta, ukipita Vihiga kwa wale wanaopasua yale mawe makubwa ya Maragoli utaukuta, hata Nakuru kwa mafundi wa taili uko, ni vile tu wao hawana muda wa kubishana. Swali ni hizi mashine za kutoboa na kukata mawe, jekihama za upepo na grainda zenye diski ya almasi, je zimetutoa mahali ama zinatumaliza polepole? Kuna wenye wanasema wacha vijana wapige kazi, nani atarudi kwa tindo na nyundo saa hii. Na kuna wengine, haswa wazee waliofanya hiyo kazi na akina mama wanaogonga kokoto kando ya barabara, wanasema mashine ilikula kazi kwanza na sasa inakula vifua.

Mimi hii ya kuchagua kati ya nyundo na mashine imenichosha, ju naona wote wawili wanaruka kitu kimoja, na hicho kitu ni maji. Lakini twende pole.

Watu wa mashine wana hoja nzito, tusiwapuuze. Dhahabu ya Kakamega mara nyingi imelala kwenye lile jiwe jeupe, kwatzi, na kwa kipimo cha ugumu cha Mohs kwatzi ni 7 wakati almasi ni 10. Tindo ya chuma ikikutana na hiyo 7 inakuwa butu haraka, unaipeleka kwa mhunzi anaichoma anaichonga, unarudi shimoni, inakuwa butu tena, na muda huo wote uko chini ya mwamba ambao umeshikiliwa na vijiti viwili vitatu na mvua ya mchana ya Kakamega wote tunaijua. Kwa hivyo mtu akiniambia jekihama inamtoa chini mapema, sina la kumjibu. Kila saa unayopunguza shimoni ni saa ambayo udongo haukufukii.

Na hoja hiyo ni ya zamani. Handaki la Fréjus, lile la kuunganisha Ufaransa na Italia chini ya milima ya Alpi, lilianza 1857 kwa nyundo na baruti, na hesabu ya mwanzo ilikuwa lingechukua kama miaka 25. Mwaka wa 1861 injinia Germain Sommeiller akaingiza drili za upepo ulioshindiliwa na 1871 treni zikaanza kupita. Tena ule upepo ukishasukuma drili ulikuwa unawapa watu hewa ya kupumua kule ndani, kwa hivyo siwezi kukubali kwamba mashine kazi yake ni kuua tu. Mwaka huo huo wa 1871 Simon Ingersoll akapata hataza, yaani haki ya ugunduzi, ya drili yake Marekani, na jina lake bado unalikuta kwa ubavu wa kompresa, ile mashine ya kushindilia upepo, hadi leo.

Sasa upande wa pili. Nyundo inavunja, drili inasaga, na kadri unavyosaga haraka ndivyo vumbi linakuwa jingi na jembamba. Vumbi lile linakuganda kwa nyusi mpaka unafanana na mtu ametoka kupakua unga wa ngano si ndilo la kuogopa sana, hilo utaliona, utalikohoa, utaoga liishe. La kuogopa ni lile la chini ya maikroni 5 hivi, na unywele wa mtu ni kama maikroni 70, yaani hulioni kabisa, linaelea hewani mashine ikiwa imeshazimwa na watu wanakula chapati, linashuka mpaka mwisho wa mapafu na likifika huko halitoki. Kama ni la kwatzi mapafu yanaanza kujaa makovu. Hiyo ndiyo silikosisi, haina dawa ya kuiondoa, na mwenye nayo anashikwa na TB rahisi kuliko wengine. Huku kwetu kijana wa shimoni akikohoa sana kila mtu ashasema ni TB, na inaweza kuwa ni TB kweli, anameza dawa anapona anarudi kwa vumbi lile lile. Mwaka wa 1997 wakala wa WHO wa utafiti wa kansa uliweka vumbi la kwatzi kwenye kundi la kwanza kabisa, la vitu ambavyo hakuna shaka vinaleta kansa. Na ile shati unajifunga usoni haizuii kitu, pole kukwambia.

Wenye kuzitengeneza hizi drili waliambiwa mapema sana. Miaka ya 1890 kulikuwa na fundi mmoja wa Colorado, Marekani, John George Leyner, akatengeneza drili ambayo chuma chake kina tundu katikati, upepo unapita ndani ya chuma unapuliza vumbi litoke kwa shimo ndio chuma kisikwame. Kiufundi ilikuwa kazi safi kabisa. Wachimbaji wakaikataa, ju vumbi lote lilikuwa linawapiga usoni. Leyner akarudi karakana, akapitisha maji kwa lile tundu, vumbi likatoka tope. Kwangu mimi huo ndio ugunduzi mkubwa kuliko yote kwenye hii biashara, kushinda hata almasi, na ulitoka kwa watu waliokataa kushika mashine. Lakini kuna kujua na kuna kufanya. 1930 na 1931 kule West Virginia, Marekani, walitoboa handaki la Hawks Nest kwenye mwamba uliojaa silika, ndiyo hiyo hiyo iliyotengeneza kwatzi, wakatoboa kavu kwa sababu ya haraka, mamia wakafa, na wengi walikuwa watu weusi waliokuja kutafuta kibarua wakati uchumi ulikuwa umeanguka na njaa imezidi. Maji yalikuwa yameshajulikana zaidi ya miaka 30.

Kwa nini basi maji yanaachwa? Hapa ndio hadithi ya almasi inaingia, na mimi ndio iliyonifungua macho. Drili ya almasi ilitokea Uswisi, kwa familia ya Leschot ya mambo ya saa, hataza ikachukuliwa Ufaransa 1862, na almasi zilizokuja kutumika kwa biti, ile ncha ya drili inayokula mwamba, ni zile nyeusi za Bahia, Brazil, ambazo hakuna bibi harusi angezitaka. Almasi ni ngumu kuliko kila kitu lakini inaogopa joto. Ni kaboni tu, ikifika kama nyuzi 700 au 800 kwenye hewa inaanza kuungua. Kwa hivyo drili ya almasi lazima inyweshwe maji saa zote. Kampuni ikija Kakamega kutafuta dhahabu na ile mashine ya kutoa vipande virefu vya mwamba kutoka chini, utaona maji yanaingia bila kukatika, wakiishiwa maji wanasimamisha kazi. Maji hayo hayakuletwa kuokoa pafu la mtu, yaliletwa kuokoa biti, na pafu likafaidika bure.

Baadaye Wajerumani wa kampuni ya Krupp miaka ya 1920 wakaleta tangisteni kabaidi, kitu kigumu kushinda chuma, kwa jina la Widia. Haifiki almasi kwa ugumu lakini inavumilia kipigo na haina makuu, unaweza kuitumia kavu kutwa nzima, na ndiyo iko kwa ncha ya ule mtaimbo wa jekihama shimoni. Hapo maji yakawa hiari. Halafu Desemba 1954 kampuni ya General Electric ya Marekani wakafaulu kutengeneza almasi kwa mashine, bei ikaanza kushuka, na leo nyingi ya viwandani inatoka China, ndio maana diski ya almasi inauzwa kwa hadwea ya mtaani ikining'inia karibu na misumari. Nazo hizo diski zikakatwa mianya kwenye ukingo, hewa ipite izipoze, ndio uweze kukata kavu. Umeona vile inaenda? Kila mara kifaa kinapokombolewa kutoka kwa maji, mzigo wa maji unahamia kwa kifua cha anayekishika. Sidhani kuna mtu alikaa akapanga hivyo, lakini ndivyo imekuwa.

Hiyo diski yenyewe hebu iangalie vizuri, ju mafundi wengi wanaitupa ikiwa bado nzima. Ukingo wake si almasi tupu. Ni chembe ndogo ndogo za almasi zimeshikwa ndani ya unga wa metali uliochomwa pamoja, shaba na kobalti na mengineyo, na ukiitazama kwa karibu kila chembe imetoka nje kidogo na nyuma yake kuna mkia wa metali unaoishikilia. Kazi iko hivi, jiwe linakula metali polepole, chembe iliyochoka inadondoka, mpya inatokeza. Sasa chukua diski ya kukatia mawe laini ya Gilgil uende nayo kwa taili ngumu ya posleni au granaiti. Ile taili haili metali, inang'arisha tu, chembe zinalala, diski inateleza, cheche zinaruka, fundi anaegemea grainda kwa nguvu zote na kinachotoka ni joto na vumbi jembamba. Atakwambia diski imekufa. Haijakufa, ipitishe mara chache kwenye tofali la simenti lenye mchanga itaamka. Kanuni ni jiwe gumu linataka metali laini, jiwe laini lenye kukwaruza linataka metali ngumu, watu wengi huwa wanageuza.

Na si kila vumbi ni sawa, hapa watu wa kifua huwa wanatia chumvi. Mawe mengi ya volkano tunayojengea Nakuru hayana kwatzi nyingi hivyo, huwezi kuyalinganisha na mwamba mweupe wa Kakamega. Shida ya Nakuru naiona kwingine, kwa hizi kaunta za jikoni za jiwe la kutengenezwa, lile la unga wa kwatzi na gundi, silika yake inaweza kupita asilimia 90. Australia ililipiga marufuku kuanzia Julai 2024 baada ya vijana wa kazi hiyo kuugua. Huku fundi anakata kwa barabara mbele ya duka, kavu, watu wakipita na watoto wa shule.

Basi mtu atasema si rahisi, leta maji tu. Hapana, si rahisi, na hapa lazima nijipinge mwenyewe. Grainda ya kawaida ya stima ukiimwagia maji unajitafutia kifo cha haraka badala ya kile cha polepole, inataka mashine iliyotengenezewa maji ama drili ya upepo. Shimoni maji yanageuza sakafu kuwa tope, yanalegeza ukuta wa udongo, na lazima mtu ayapandishe tena kwa pampu au kwa ndoo. Kuna mashimo yako mbali na mto na maji yenyewe yanabebwa na boda. Tena hata maji hayamalizi. Afrika Kusini walikuwa na tume ya ugonjwa huu tangu 1902, drili za maji zikaja, sheria zikaja, na bado mwaka 2018 kampuni za dhahabu zilikubali kulipa karibu randi bilioni 5 kwa wachimbaji waliougua silikosisi na TB. Maji yanapunguza vumbi kwa kiasi kikubwa, hayalitoi lote, bado unataka hewa ya kutosha na barakoa ya kweli.

Hata hivyo nikiweka mizani mezani mimi niko na mashine yenye maji, na sababu yangu si ya kitaalamu. Ni nani ana pesa. Shimoni mwenye kompresa huwa hashuki, anakaa juu anachukua fungu lake la mawe, na yule wa chini ndiye anapewa chaguo la kufa na vumbi au kulala njaa. Ukimwambia huyo wa chini anunue barakoa unamtania. Lakini mwenye kompresa tayari ametoa pesa nyingi, tanki la pipa moja na mpira wa maji na drili yenye tundu katikati havimfilisi. Sheria ya Madini ya 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo na ikaweka kamati zao kila kaunti, sasa kama kamati inaweza kuuliza kibali cha shimo si inaweza kuuliza pia mpira uko wapi? Sheria ya usalama kazini ya 2007 nayo ipo lakini inamtafuta mwajiri, na shimoni kila mtu atakwambia hajaajiri mtu, wanagawana tu.

Mahali hoja yangu inaanguka ni kwa wale akina mama wa kokoto. Mashine ya kusaga mawe, ile ya taya, Eli Whitney Blake aliipatia hataza 1858 na kiwanda chochote cha kokoto karibu na Kisumu bado kinatumia wazo lile lile. Unaweza kuilowesha hadi vumbi lisionekane, mama mwenye rundo lake kando ya barabara bado hapati mnunuzi, na ukimwambia nyundo yake pia inatoa vumbi atakuuliza anayemlipia karo ni nani kati yako na hiyo nyundo. Upande wao haujajibiwa na mtu, na mimi leo sina jibu la kuwapa.